Cheti cha Kampuni na Jasho la Mchimbaji: Uhakiki wa Nadharia ya Gharama za Usajili

Kwa muda wa zaidi ya miaka 20 sasa nchi changa za Afrika zimekuwa zikifundishwa somo moja. Somo hilo linasema kwamba mnyonge ni mnyonge kwa sababu shughuli yake haikuandikishwa. Kwamba hakuiandikisha kwa sababu gharama za kuandikisha ni kubwa na milolongo ni mirefu. Na kwamba siku gharama hizo zitakapopunguzwa, atapata cheti, cheti kitamletea mkopo, na mkopo utamtoa katika umaskini. Somo hili limeingia katika mipango ya serikali nyingi, katika vyuo vyetu na hata katika hotuba za makada. Kwa kuwa limeenea kiasi hicho, ni wajibu wetu kulipima. Tumechagua kulipima Shinyanga na Geita, katika ukanda wa dhahabu, kwa sababu huko mali ipo, watu wanafanya kazi usiku na mchana, na vyeti vya kila aina vimekwisha kutolewa. Nadharia ikishindwa kueleza mambo ya Geita, haina budi kusahihishwa.

Nadharia yenyewe

Mwalimu mkuu wa nadharia hii ni Hernando de Soto, mchumi wa Peru. Katika kitabu chake cha mwaka 2000, The Mystery of Capital, anaeleza jinsi yeye na wenzake walivyofungua karakana ndogo ya kushona nguo pembezoni mwa Lima, yenye mfanyakazi mmoja, ili wapime muda wa kuiandikisha. Walifanya kazi ya kujaza fomu na kupanga foleni saa 6 kwa siku, na ikawachukua siku 289. Gharama ilifika dola 1,231, yaani mara 31 ya kima cha chini cha mshahara wa mwezi. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kutetea urasimu wa namna hiyo, na sisi hatuutetei.

Tanzania ilimwalika bwana huyu. Mwaka 2004 ulianzishwa Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania, yaani MKURABITA, na taasisi yake ikafanya uchunguzi wa awali. Taarifa ya uchunguzi huo ilisema kwamba asilimia 98 ya biashara nchini zilikuwa nje ya mfumo wa sheria. Wakati huo huo Benki ya Dunia ilikuwa ikitoa kila mwaka orodha ya nchi kwa kipimo cha wepesi wa kufanya biashara. Katika orodha ya mwaka 2020 Tanzania iliwekwa nafasi ya 141 kati ya nchi 190.

Inafaa makada wajue kipimo hicho kilipima nini. Kilipima kampuni ya kubuni yenye wamiliki 5, mtaji wa mara 10 ya wastani wa pato la mtu mmoja, na wafanyakazi wasiopungua 10, iliyoandikishwa katika mji mkubwa wa biashara, ambao kwetu ni Dar es Salaam. Kipimo hakikufika Nyarugusu wala Lwamgasa wala Mwakitolyo. Na Septemba 2021 Benki ya Dunia yenyewe iliifuta taarifa hiyo, baada ya kubainika kwamba takwimu za nchi kadhaa katika matoleo ya 2018 na 2020 zilikuwa zimechezewa. Hivyo serikali za nchi maskini zilishindana kwa miaka mingi kupanda ngazi ambayo wajenzi wake walikuwa wakiisogeza kwa mkono.

Lakini kufutwa kwa orodha si kufutwa kwa nadharia. Orodha imekufa, fikra bado ipo, na fikra ndiyo tunayoihakiki.

Hesabu ya dirishani

Tuanze na ukweli uliomo ndani ya nadharia, kwa sababu uhakiki usiokubali ukweli wa upande wa pili ni kelele tu. Gharama za kuandikisha kampuni zipo, nazo zinamwelemea mdogo kuliko mkubwa.

Sheria ya Makampuni tuliyoirithi ilikuwa ya mkoloni, ya miaka ya 1930, na ilidumu mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 2002, ambayo ilianza kutumika mwaka 2006. Kabla ya usajili wa mtandao kuanza mwaka 2018, mtu wa Kahama aliyetaka kampuni alilazimika kusafiri mwenyewe, au kumlipa wa kumsafiria, mpaka Dar es Salaam kwenye ofisi ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, umbali wa karibu kilomita 1,000. Mtandao umefupisha safari hiyo, na hilo ni jambo jema. Ila umeweka masharti yake: lazima uwe na namba ya kitambulisho cha taifa, simu au kompyuta yenye mtandao, na mtu wa kukuandikia katiba ya kampuni.

Sasa tazama ada. Katika viwango vilivyotumika baada ya mwaka 2018, kampuni yenye mtaji usiozidi shilingi milioni 1 ilitozwa ada ya usajili ya shilingi 95,000. Kampuni yenye mtaji wa zaidi ya shilingi milioni 50 ilitozwa shilingi 440,000. Piga hesabu. Mwenye mtaji wa milioni 1 ametoa asilimia 9.5 ya mtaji wake kabla hajanunua hata sururu. Mwenye mtaji wa milioni 100 ametoa chini ya nusu ya asilimia moja. Na mwenye mtaji wa bilioni 100 ametoa shilingi 440,000 zile zile. Hii ni ada inayopungua uzito kadiri mlipaji anavyonenepa. Hapo bado hujahesabu ada ya kuwasilisha nyaraka, ushuru wa stempu na malipo ya wakili.

Na usajili si mwisho wa gharama, ndio mwanzo. Mfanyabiashara mdogo anayefanya kazi kwa jina lake mwenyewe hukadiriwa kodi kwa mauzo yake. Akishakuwa kampuni anaingia katika kodi ya asilimia 30 ya faida, anatakiwa kuwa na hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi mwenye cheti, na kila mwaka anawasilisha taarifa BRELA, akichelewa analipa faini. Kwa kampuni kubwa mkaguzi ni mmoja wa watumishi wengi. Kwa mwenye karasha moja pale Nyarugusu, mkaguzi ni gharama inayoweza kula faida ya mwezi mzima. Kwa hiyo asiyeandikisha kampuni mara nyingi si mjinga wala mkaidi. Amepiga hesabu.

Mpaka hapa tunakwenda pamoja na bwana de Soto. Tunaachana naye anaposema kwamba hapo ndipo penye kiini cha unyonge.

Mambo ya Bulyanhulu na makinikia

Ukanda huu umewahi kuwa na watu wasio na vyeti waliozalisha dhahabu nyingi, na umewahi kuwa na kampuni zenye vyeti zilizowaondoa watu hao. Bulyanhulu, katika wilaya ya Kahama ya wakati huo, palikuwa na maelfu ya wachimbaji wadogo. Kampuni iliyoandikishwa nchini, Kahama Mining Corporation, mali ya Sutton Resources ya Canada, ilikuwa na haki ya eneo hilo kwa karatasi. Agosti 1996 wachimbaji waliondolewa. Mwaka 1999 Barrick iliinunua Sutton, na mwaka 2001 mgodi ukaanza uzalishaji. Hadi leo yapo madai mazito juu ya namna watu walivyoondolewa na waliopoteza maisha, madai ambayo serikali na kampuni ziliyakanusha. Hatuyaamui hapa. Tunasema tu lile lisilobishaniwa: wachimbaji hawakuondoka pale kwa sababu ada ya usajili iliwashinda. Waliondoka kwa sababu haki ya ardhi ilikuwa imekwisha kutolewa juu ya vichwa vyao, kwa mwenye mtaji.

Kisa cha pili kinachekesha na kuliza. Juni 12, 2017, kamati ya pili ya Rais kuhusu makinikia, iliyoongozwa na Profesa Nehemiah Osoro, ilitoa taarifa yake. Katika mambo iliyoyasema ni kwamba Acacia Mining, kampuni mama iliyojitambulisha kama mmiliki wa Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara, haikuwa imeandikishwa nchini wala haikuwa na hati ya kuitambulisha chini ya Sheria ya Makampuni. Acacia ilijibu kwamba ilifanya kazi kupitia kampuni tanzu zilizoandikishwa, na ni kweli kampuni tanzu hizo zilikuwepo. Ndivyo mtaji mkubwa unavyofanya: unaandikisha mkono hapa, kichwa kinabaki London, na faida inapita kati ya mkono na kichwa kwa njia ambazo mkulima wa Msalala hazioni.

Basi tujiulize swali la darasani. Kama kutoandikishwa ndiko kunakomfanya mtu awe mnyonge, mbona kampuni mama hiyo haikuwa mnyonge? Na kama kuandikishwa ndiko kunakoleta maendeleo ya nchi, mbona kampuni tanzu zilizoandikishwa kikamilifu zilikaa miaka mingi zikichimba bila kulipa kodi ya mapato, kwa misamaha na makato ya mtaji yaliyokuwa halali kabisa katika mikataba? Mzozo ule haukumalizwa na BRELA. Ulimalizwa na sheria tatu za mwaka 2017, ambazo pamoja na mengine zilitaka serikali iwe na hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa, na mazungumzo yaliyozaa Twiga Minerals mwaka 2019, serikali ikiwa na asilimia 16 na Barrick asilimia 84, pamoja na malipo ya dola milioni 300. Kilichobadilisha mgao kilikuwa nguvu ya dola juu ya mali ya nchi. Wengine wataona asilimia 16 ni ndogo, na mjadala huo ni halali. Lakini ni mjadala juu ya mgao, si juu ya foleni ya dirishani.

Nani ndani ya duara?

Hatari kubwa zaidi ya nadharia hii ni kwamba inamwita kila asiye na cheti kwa jina moja: mjasiriamali. Ingia katika machimbo yoyote ya wachimbaji wadogo, Geita au Kahama, uone kama jina hilo linawatosha.

Yupo mwenye leseni ndogo ya uchimbaji. Kwa sheria ya mwaka 2010 leseni hii ni ya Watanzania tu, hudumu miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Huenda anakaa Mwanza au Geita mjini. Yupo mwenye duara, anayeligharimia shimo: matimba, kamba, pampu, mafuta ya jenereta na chakula cha watu. Wapo wachimbaji wanaoshuka. Wapo wabeba viroba. Yupo mwenye karasha, yupo mwenye mwalo, wapo wanaochenjua kwa zebaki kwa mikono mitupu, na wapo kina mama wanaotwanga na kupepeta mabaki, pamoja na mama lishe. Juu yao wote yupo mnunuzi, ambaye mara nyingi ndiye aliyemkopesha mwenye duara, na kwa hiyo bei alikwisha kuipanga kabla jiwe halijaonekana.

Wachimbaji wengi hawana mshahara. Mawe yakitoka, viroba hugawanywa. Mgao hutofautiana machimbo hata machimbo, lakini mwenye leseni, ambaye huenda hajawahi kushuka shimoni, huchukua fungu kubwa, mara nyingi kama theluthi. Mwenye duara huchukua la kwake na kukata gharama zake. Kinachobaki wanagawana walioshuka. Mawe yasipotoka, walioshuka wamekula ugali na kupata kifua.

Sasa punguza ada ya usajili mpaka sifuri. Nani atakayekwenda kuandikisha kampuni? Ni mwenye leseni na mnunuzi. Mchimbaji hana cha kuandikisha isipokuwa mwili wake. Kampuni ya mwenye leseni ikipata cheti, theluthi yake inakuwa theluthi ya kampuni, na mchimbaji anabaki pale pale alipokuwa, tofauti ni kwamba sasa anayemnyonya ana muhuri. Nadharia imewaweka mwenye duara na mshuka duara katika tabaka moja kwa sababu wote hawana karatasi. Sisi tunasema tabaka halipimwi kwa karatasi. Linapimwa kwa nafasi ya mtu katika uzalishaji mali: nani ana nyenzo, nani ana jasho, na nani anagawa.

Hata ile ahadi ya mkopo haisimami. Mwenye cheti cha kampuni akienda benki, benki inamwuliza mambo mawili: dhamana, na taarifa za kijiolojia zinazoonyesha chini kuna dhahabu kiasi gani. Cheti hakijibu hata moja. Kwa hiyo anarudi kwa mnunuzi yule yule.

Zipo siku nyingine za kuhesabu. Oktoba 2015 shimo liliporomoka Nyangalata, Kahama. Wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Wataalamu wamehesabu siku 289 za dirishani Lima, na vitabu vimeuzwa dunia nzima. Siku 41 za Nyangalata haziingii katika kipimo chochote cha wepesi wa biashara, kwa sababu kipimo hicho hakina safu ya mtu anayeajiriwa bila mkataba.

Makosa ya upande wetu

Haitoshi kuwakosoa wageni. Wapo kati yetu wanaotetea kila ada na kila kibali kwa jina la mapato ya serikali. Hao nao wanakosea, na historia ya ukanda huu inawakanusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu iliponunua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei nzuri, dhahabu iliyokuwa ikipita njia za magendo iliingia benki. Haikuulizwa cheti, ilivutwa na bei. Somo hilo lilisahauliwa. Kodi zikapandishwa juu ya mdogo mpaka zikawa asilimia 18 ya ongezeko la thamani na asilimia 5 ya zuio, juu ya mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mtu angelipa zote angetoa karibu theluthi ya mauzo kabla ya kugawana viroba. Matokeo yake yalikuwa ni magendo. Mwaka 2019 kodi hizo mbili ziliondolewa kwa wachimbaji wadogo, yakafunguliwa masoko ya madini, Geita likiwa la kwanza mwezi Machi, na dhahabu ikaanza kuonekana mezani. Hapakuhitajika nadharia ya siri za mtaji. Ilihitajika bei ya haki, mizani ya wazi na soko la karibu.

Neno mizani linatukumbusha jambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakiibiwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hawakuanza kwa kuandikisha kampuni kila mtu yake. Walianza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe, kisha wakaunda vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo viliunganishwa katika Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya uongozi wa Paul Bomani. Kabla ya mwaka 1960 pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilikuwa inapita mikononi mwa ushirika huo. Ule ulikuwa usajili pia, lakini ni usajili wa wazalishaji kama kundi, wenye shabaha ya kushika mizani.

Tuongeze, kwa uaminifu, kwamba vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na dola yetu wenyewe mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na havikurudi na nguvu ile ya kwanza. Lilikuwa kosa. Na katika machimbo ya leo vipo vikundi ambavyo ni vikundi kwa muhuri tu: viongozi wachache hupata leseni kwa jina la wengi, kisha hukaa mahali pa yule mwenye leseni wa zamani. Neno ushirika halimwogopeshi mnyonyaji. Anaweza kulivaa kama anavyovaa neno kampuni.

Wajibu wa makada

Tunahitimisha kwa mambo manne ya kufanyiwa kazi, si kwa kauli mbiu.

Kwanza, ada za usajili zifuate uwezo. Kampuni ya mtaji wa milioni 1 isilipe asilimia 9.5 wakati ya bilioni 100 inalipa kiasi kisichoonekana. Hili ni jambo la kanuni, na linaweza kubadilishwa bila mkopo wa mtu yeyote.

Pili, kabla ya kuuliza kama mwenye leseni ameandikisha kampuni, kada aulize kama mgao wa viroba umeandikwa. Mkataba wa duara unaosema nani anapata nini, nani anagharimia matimba, na nani anamtibu aliyeangukiwa na jiwe, una faida kwa mchimbaji kuliko cheti kilichotundikwa ukutani mjini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo tangu mwaka 2015. Mshuka duara naye aingizwe humo kama mfanyakazi, maana ndivyo alivyo.

Tatu, vikundi vya wachimbaji vipimwe kwa daftari la wanachama na kumbukumbu za mgao. Kiongozi asiyeweza kusoma mgao mbele ya mkutano wa wanachama hana kikundi; ana leseni yake binafsi.

Nne, wanafunzi wetu wanapofundishwa nadharia za kurasimisha wafundishwe pia kuuliza: inarasimishwa mali ya nani, na unyonyaji wa nani? Sheria inaweza kuandika haki, nayo inaweza kuandika dhuluma kwa hati nzuri. Kazi ya kada ni kujua ni ipi iliyoandikwa, na hilo halijulikani dirishani. Linajulikana pale viroba vinapogawanywa.